Chembe, punje na umri wa mwamba

chembe nm [i-/zi-] kipande kidogo sana cha kitu kikavu, hasa mchanga, chumvi au madini.
punje nm [i-/zi-] mbegu moja ya nafaka.

Matumizi: Mchanga wa ufukwe wa Magogoni una chembe, mahindi yauzwayo Kariakoo yana punje. Katika jiolojia husemwa chembe ya zirkoni, si punje ya zirkoni.

Maelezo: Zirkoni ni madini magumu yanayojijenga mwamba ulioyeyuka unapopoa. Wakati huo hupokea urani na kuikataa risasi (yaani metali, si ya bunduki). Baadaye urani-238 hugeuka risasi polepole. Nusu yake huhitaji takriban miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo uwiano wa urani na risasi huonyesha umri wa chembe.

Tahadhari: Umri wa chembe si umri wa mwamba unaoibeba. Barafuto, yaani mto wa barafu, hukwangua miamba ya umri mbalimbali na kurundika vifusi vyake pamoja. Mashapo ya namna hiyo yamo katika miamba ya Idusi, Bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, chini ya matabaka ya makaa ya mawe ya Mchuchuma. Yanahusishwa na barafu iliyofunika sehemu za bara la kale la Gondwana takriban miaka milioni 300 iliyopita. Chembe iliyotokana na matale ya kale ya katikati ya Tanzania huweza kuzidi miaka bilioni 2.5, ingawa mashapo yaliyoipokea ni machanga mno kuliko yenyewe.

Chembe changa kuliko zote ndiyo huweka kikomo. Gunia lenye mahindi ya mavuno ya 2021, 2022 na 2023 haliwezi kuwa lilijazwa kabla ya mavuno ya 2023. Huenda lilijazwa baadaye.

Kwa wafasiri:
Si sahihi: Mwamba huu wa barafu una umri wa miaka bilioni 2.5.
Sahihi: Mwamba huu wa mashapo ya barafuto una chembe za zirkoni zenye umri wa miaka bilioni 2.5.

Kwanza, “mwamba wa barafu” humfanya msomaji adhani kuwa mwamba wenyewe ni barafu. Pili, kikomo kitokanacho na chembe changa kifasiriwe “una umri usiozidi miaka…”, wala si “una umri wa miaka…”. Neno “usiozidi” likiachwa, kadirio hugeuka kuwa dai ambalo mtafiti hakulitoa.