Kutoka Mnyororo Hadi Mita: Vipimo vya Ardhi Mubuku na Bwera

Kila jamii iliyopata kulima ardhi ilipata pia kuipima, na kipimo cha kwanza kilikuwa mwili wa mwanadamu. Kiswahili kimehifadhi ushahidi wa jambo hilo. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja, ambao pia huitwa dhiraa. Mikono miwili hufanya wari moja. Na mikono minne hufanya pima moja. Vipimo hivyo vilitosha kwa kitambaa na kwa kiwanja kidogo. Lakini mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Kwa hiyo, zilipoingia hati, ramani na mahakama, ilihitajika fimbo isiyobadilika.

Waingereza walikuja na mnyororo. Chombo hicho, kilichobuniwa na Edmund Gunter nchini Uingereza mwaka 1620, kilikuwa na viungo 100 na urefu wa futi 66, yaani yadi 22. Hekima yake ilikuwa katika hesabu: minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Mpima ardhi aliyekuwa na eneo kwa minyororo ya mraba aligawanya kwa 10 tu, akapata ekari zake. Kwa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, na ndipo likazaliwa neno “mailo”. Hivyo kipimo cha urefu kikageuka kuwa jina la namna ya kumiliki ardhi.

Huku kwetu magharibi, vipimo viliamua jambo kubwa kuliko shamba. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana kwamba mpaka ufuate longitudo ya 30 mashariki. Mstari huo unapita karibu sana na Kilembe, magharibi kidogo ya mji wa Kasese. Bwera iko zaidi ya kilometa 20 upande wake wa magharibi. Kama mapatano hayo yangeshikiliwa, Bwera ingekuwa Kongo. Tume ya pamoja ilipima nchi mwaka 1907 na 1908, na mapatano ya mwaka 1910 yakapeleka mpaka kwenye vilele vya Rwenzori na mto Lhubiriha. Ndugu wa lugha moja wakajikuta katika nchi mbili: upande mmoja serikali ilipima kwa futi na maili, upande wa pili kwa mita.

Katika mwaka 1908 na 1909 wapimaji walipima pia tao la longitudo hiyo hiyo magharibi mwa Uganda, sehemu ya kazi iliyokusudiwa kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika, ambayo ilikamilika mwaka 1954. Hapo yafaa tujihadhari, kwani hata futi si moja. Futi ya Clarke, iliyotumika katika hesabu za ramani za Afrika Mashariki, ni mita 0.3047973, futi ya kimataifa, iliyokubaliwa mwaka 1959, ni mita 0.3048 kamili. Katika shamba tofauti hiyo haionekani. Katika maili 100 inafikia karibu mita moja na nusu.

Sasa tuje Mubuku, penye mashamba ya kumwagiliwa yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa maji yashukayo kutoka Rwenzori. Tuchukue mfano wa shamba la ekari 8, lenye urefu wa minyororo 10 na upana wa minyororo 8. Mnyororo mmoja ni mita 20.1168. Kwa hiyo urefu ni mita 201.17, upana ni mita 160.93, na eneo ni mita za mraba 32,375, yaani hektari 3.24.

Mtu mwenye haraka husema, “Mnyororo ni mita 20,” akapata mita za mraba 32,000. Amempunguzia mwenye shamba mita za mraba 375, mahali pa kutosha nyumba na ua wake. Mwingine husoma yadi kana kwamba ni mita, kwa kuwa zinakaribiana. Shamba lile lile la yadi 220 kwa 176 atalipima mita 220 kwa 176, na jirani atapoteza mita za mraba 6,345, zaidi ya ekari moja na nusu. Hakuna aliyehamisha jiwe la mpaka usiku; ni hesabu iliyolihamisha mchana kweupe.

Je, hayo yanamhusu mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Hati ya babu hupelekwa kwa mwalimu isomwe, na namba isiyo na jina la kipimo haisomeki. Tukifundisha maneno mnyororo, yadi, ekari na hektari, tusitosheke na tafsiri yake katika kamusi. Tumtake mwanafunzi aandike kila namba pamoja na kipimo chake, abadilishe kwanza urefu, kisha azidishe apate eneo. Na mwishoni arudi nyuma kwa hesabu ya kinyume ahakikishe. Mwanafunzi wa namna hiyo ataweza kuwasomea wazee wake hati, na shamba lao likabaki kuwa kubwa kama lilivyopimwa.