Nyumba ndogo za ghorofa na haki ya kufikika

KATIBA ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika. Mwaka mmoja awali, Septemba 2009, wakazi wa Soweto Mashariki mtaani Kibera, Nairobi, walianza kuhamia nyumba 600 za ghorofa zilizojengwa Lang'ata.

Nyumba zilizorundikwa hivyo huokoa ardhi na kurahisisha uwekaji wa mabomba ya maji na majitaka. Madirisha yakikabiliana, hewa hupita bila kutumia umeme.

Hata hivyo, pasipo lifti, ngazi humzuia mkongwe na mwenye ulemavu. Sharti watengewe nyumba za chini, zenye milango mipana isiyo na vizingiti. Nyumba isiyoingilika kwa kiti cha magurudumu haijatimiza Katiba.