Feri ya Mtongwe na Ufundishaji wa Biashara kwa Visa

Kufundisha kwa visa kulianza katika masomo ya sheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell, mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliwapa wanafunzi hukumu halisi za mahakama wazisome, kisha waje darasani kuzitetea au kuzipinga. Shule ya biashara ya chuo hicho ilipofunguliwa mwaka 1908 haikuwa na hazina ya namna hiyo, kwa kuwa wafanyabiashara hawaandiki sababu za maamuzi yao kama majaji. Wallace Donham, mkuu wa shule hiyo na yeye mwenyewe mwanasheria kwa elimu, aliwahimiza walimu waende kwenye makampuni wakachunguze na kuandika. Kisa cha kwanza, cha kampuni ya viatu, kilitoka mwaka 1921.

Afrika Mashariki ilifikiwa kwa njia ndefu. Shule ya IESE ya Barcelona ilianza shahada yake ya uzamili ya biashara mwaka 1964 kwa ushauri wa Harvard, na baadaye ikasaidia kuilea Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005.

Kisa kizuri hakimpi mwanafunzi jibu. Kinamweka mahali pa mwenye kuamua, na habari zile zile alizokuwa nazo siku hiyo, halafu mwalimu anauliza: wewe ungefanya nini? Visa vya ushindi hupendwa zaidi, ila visa vya maafa ndivyo vinavyofundisha kwa kina. Feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, ilipinduka nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, mnamo Machi 1987 na kuua watu 193, kwa sababu iling'oa nanga milango yake ya mbele ikiwa wazi. Uchunguzi wa Jaji Sheen haukuishia kwa mabaharia. Ulipanda hadi kwa wakurugenzi, na tangu hapo ajali hiyo imekuwa ikisomwa katika masomo ya maadili ya biashara.

Pwani ya Kenya ina kisa kizito kuliko hicho. Mtongwe iko bara ya kusini ya Mombasa, upande wa Likoni, ikitazamana na kisiwa ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Hapo ndipo ilipo kambi ya Jeshi la Wanamaji, lakini raia wengi riziki yao iko kisiwani: bandarini, maofisini, masokoni. Wakati wa ajali, asiyevuka hapo hakuwa na budi kuzungukia kivuko cha Likoni. Ijumaa ya Aprili 29, 1994, wakati wa watu kwenda kazini, feri ya Mtongwe ilipinduka mita 40 hivi kutoka ufuoni. Ilikuwa imejengwa kubeba watu 300. Inakadiriwa ilikuwa na 400. Waliokufa ni 272.

Kwa darasa la biashara, idadi hiyo ya 300 ndiyo mlango wa kuingilia. Kila mtu anajua kwamba chombo kina kikomo. Swali ni nani anayekisimamia saa moja asubuhi, mbele ya umati ambao kila mmoja anahofia kuchelewa kazini. Akiwa ni mfanyakazi wa gatini, ana mamlaka gani ya kufunga lango, na msimamizi wake atamtetea akilaumiwa kwa foleni? Kuna hesabu ya huduma pia: feri ya pili inagharimu kiasi gani, na inalipiwa na nani, kama msongamano ni wa saa chache tu kwa siku? Majibu haya hayapatikani kwa nahodha peke yake. Yanapatikana katika bajeti, ratiba na mikutano iliyofanyika muda mrefu kabla ya safari hiyo.

Visa vya aina hii aghalabu hugawiwa kwa sehemu, ili wanafunzi waamue kwanza ndipo waone yaliyofuata. Sehemu ya pili ya Mtongwe ingekuwa ni kufunguliwa upya kwa huduma hiyo mwaka 2017, baada ya wakazi kukaa miaka bila feri yao. Kukosekana kwa huduma hiyo kuliondoa hatari pale na kuongeza mzigo Likoni. Suala la usalama likageuka kuwa suala la nauli na muda kwa maelfu ya familia.

Sehemu ya tatu iko Ziwa Victoria. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, Tanzania, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu Mtongwe, na mazingira yalifanana kwa uchungu: maji ya karibu na nchi kavu, chombo kidogo, abiria wengi. Hapo mwanafunzi huulizwa jinsi taasisi moja inavyoweza kujifunza kutokana na maafa ya taasisi nyingine, ng'ambo ya mpaka, na ni nani anayepaswa kuyaandika ili yasomeke.