Msimu wa 2013/14: Azam Hakufungwa na Mtu, Ila Kiwangwa Hakuna Aliyepiga Honi

Pale Kiwangwa, kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata, ukitaka kujua nani kachukua ubingwa wa Bara huna haja ya kuwasha data. Sikiliza bodaboda. Yanga akibeba, honi zinapigwa mpaka watoto wanaamka. Simba akibeba ni yale yale, rangi tu ndiyo inabadilika.

Sasa Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2014 alipatikana bingwa mpya. Bingwa ambaye tangu msimu unaanza alikuwa hajafungwa na mtu. Na kijiweni kukawa kimya kama siku ya kawaida. Watu wakanunua vocha, wakala chipsi, wakaenda kulala.

Bingwa mwenyewe ni Azam FC. Mechi 26, kashinda 18, sare 8, kufungwa sifuri. Pointi 62. Ni moja ya misimu mikali zaidi kuwahi kuchezwa kwenye ligi yetu, na leo ukimuuliza dogo wa miaka kumi na tano anakukodolea macho. Kwa nini? Hapo ndipo stori ilipo.

WATU WATATU, BANDA MOJA

Tuwaite watu watatu wa Kiwangwa, majina tuweke kapuni maana wote wapo na wote wana maneno.

Wa kwanza ni mjomba, mkulima wa nanasi, Simba damu. Ana shamba, ana redio ndogo ya betri, ana hasira za msimu mzima. Wa pili ni kijana wa kupakia mananasi kwenye fuso, Yanga mpaka kwenye soksi. Wa tatu ni dogo, mpwa wa yule mjomba, wakati huo yupo sekondari. Huyu ndiye alileta kizaazaa kwenye ukoo, kwa sababu siku moja aliingia banda umiza kavaa jezi ya Azam.

"Dogo, hiyo ni timu au ni ice cream?" akaulizwa. Banda zima likacheka.

Kicheko kile kilikuwa na sababu. Azam ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikiitwa Mzizima. Ikapanda daraja, ikafika Ligi Kuu mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa na uwanja wake Chamazi, kitu ambacho Simba na Yanga, pamoja na umri wao wote, walikuwa bado wanakiota. Ila jina lake lilikuwa lile lile la unga, juisi na lambalamba. Ndiyo maana mpaka leo wanaitwa Wanalambalamba. Simba na Yanga unazaliwa nazo, baba anakukabidhi kama jina la ukoo. Azam ilikuwa lazima uichague mwenyewe, na ukichagua unakaa peke yako kwenye benchi.

MSIMU UNAANZA

Ligi ilikuwa na timu 14. Yanga ndiye aliyekuwa anatetea ubingwa. Azam alikuwa amemaliza wa pili misimu miwili mfululizo, 2011/12 na 2012/13. Wa pili, wa pili. Watu wakamzoea hivyo: timu yenye hela, mazoezi mazuri, basi zuri, kombe hakuna.

Tarehe 22 Septemba 2013 Azam akakutana na Yanga pale Taifa. Mechi ikawa ya moto, mbili kwa mbili, muda unaisha, watu wameanza kutafuta njia ya kutokea. Akatokea kijana wa akademi ya Chamazi, Joseph Kimwaga, akaweka la tatu. Azam 3, Yanga 2. Yule kijana wa kupakia mananasi alizima redio, akasema mechi haikuisha.

Tarehe 20 Oktoba ikaja ile ambayo wote mnaikumbuka. Yanga na Simba. Mapumziko Yanga anaongoza 3-0, Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili. Kiwangwa nzima kijana wa fuso kaizunguka anamtafuta mjomba. Kipindi cha pili Betram Mombeki akarudisha moja, Joseph Owino akarudisha la pili, Gilbert Kaze akamalizia la tatu. Tatu kwa tatu! Mjomba ndiye akaanza kumtafuta kijana.

Angalia hapo sasa. Nchi ilisimama kwa ajili ya ile sare. Watu bado wanaisimulia mpaka leo. Siku nane baadaye, tarehe 28 Oktoba, Azam akamfunga Simba 2-1, na hiyo mechi hakuna anayeisimulia. Sare ya watani ilikuwa na uzito kuliko ushindi wa bingwa.

Mzunguko wa kwanza ulipoisha mwezi Novemba, huku mananasi yameanza kujaa kando ya barabara, msimamo ulikuwa hivi: Yanga pointi 28, Azam 27, Mbeya City 27.

Ndiyo, Mbeya City. Hao walikuwa wamepanda daraja msimu ule ule! Timu ya halmashauri ya jiji, kocha mzawa Juma Mwambusi, mastaa hakuna, lakini watu walikuwa nao. Mashabiki wa Mbeya walikuwa wanakodi mabasi wanaifuata timu mikoani. Walikuja mpaka Chamazi, wakaondoka na sare ya 3-3. Yaani msimu mmoja ulikuwa na timu mbili za kuwatisha wakongwe: moja ina hela haina watu, nyingine ina watu haina hela.

MAKOCHA NA KING'AMUZI

Hapo katikati makocha wakapigwa chini kama nazi mbivu. Azam akaachana na Muingereza Stewart Hall, akamchukua Joseph Omog wa Cameroon. Simba akamleta Zdravko Logarusic kutoka Croatia. Desemba Yanga akapigwa 3-1 na Simba kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, Ernie Brandts akafungashiwa virago, akaja Mdachi mwenzake, Hans van der Pluijm.

Na kulikuwa na vita nyingine nje ya uwanja, vita ya televisheni. Msimu ule ndiyo Azam TV ilipoingia mkataba wa kuonesha ligi, kila timu ivute shilingi milioni 100 kwa msimu. Kwa timu nyingi za mikoani hiyo ilikuwa pumzi. Yanga akagoma. Hoja yake: mwenye televisheni ndiye mwenye timu tunayoshindana nayo, hapo haki iko wapi?

Hoja ilikuwa na mantiki, tuseme ukweli. Lakini na upande wa pili upo. Ligi yetu kwa miaka mingi ilikuwa ya redioni. Mtu wa Kiwangwa alikuwa anamjua beki wa Chelsea kwa sura lakini beki wa Mtibwa Sugar anamjua kwa sauti ya mtangazaji. King'amuzi kilipoanza kuingia vijijini, banda umiza likaanza kubadilisha ubao nje: badala ya Arsenal na Man U, sasa ikaandikwa Kagera Sugar. Dogo akawa anaiona timu yake kwa macho.

MASIKA NA POINTI

Mwaka 2014 ukaanza na Yanga akiwa hatari. Februari aliibamiza Ruvu Shooting, wanajeshi wetu wa Pwani, 7-0. Saba! Mwezi uliofuata akamfunga Al Ahly wa Misri 1-0 pale Taifa, kule Alexandria akafungwa 1-0, akatolewa kwa penalti. Nchi nzima ilimpongeza kwa kutolewa kwa heshima.

Azam yeye alikuwa kimya, anakusanya. Anashinda moja bila, anashinda mbili moja, anatoa sare, anaondoka. Tarehe 19 Machi akarudiana na Yanga, ikawa 1-1, na sare ile kwa aliyekuwa anaongoza ilikuwa kama ushindi. Tarehe 30 Machi akamfunga tena Simba 2-1. Simba msimu ule alikuwa na Amissi Tambwe, Mrundi aliyemaliza mfungaji bora kwa mabao 19, lakini timu yenyewe ilimaliza ya nne na pointi 38. Mjomba akaacha kubeba redio shambani.

Wiki ya kwanza ya Aprili Kiwangwa ilikuwa na mambo yake. Jimbo la Chalinze lilikuwa na uchaguzi mdogo, kura zikapigwa tarehe 6. Magari ya matangazo, kofia, fulana, nyimbo. Wiki moja baadaye fulana zimeanza kupauka, mvua za masika zinanyesha, na ligi imefika mwisho.

Jumapili ile, tarehe 13, Azam alikuwa Sokoine, Mbeya, kwa wale wale Mbeya City. Uwanja umejaa, na waliojaa siyo wake. Yanga yuko Arusha anacheza na Oljoro JKT. Hesabu ilikuwa rahisi: Azam akishinda, kwisha habari. Gaudence Mwaikimba akafunga, Mwegane Yeya akasawazisha, John Bocco akamaliza. Mbili moja. Yanga naye alishinda kule Arusha, ila haikumsaidia kitu. Azam 59, Yanga 55, imebaki mechi moja.

Tangu Mtibwa Sugar wachukue mwaka 1999 na 2000, kombe lilikuwa linazunguka Kariakoo tu, Jangwani na Msimbazi. Siku ile likatoka.

Dogo pale banda aliruka peke yake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakaa. Kijana wa fuso akamwambia, "Hongera dogo. Sasa nenda kasherehekee na nani?"

KILICHOFUATA

Jumamosi iliyofuata, siku ya mwisho, Simba na Yanga walitoka 1-1 na Taifa ilijaa, mechi isiyo na kombe. Azam akamaliza na 62, Yanga 56, Mbeya City wa tatu na 49.

Baada ya hapo? Yanga akachukua mara tatu mfululizo. Mwaka 2017 Simba akaenda Chamazi na begi la hela, akaondoka na Bocco, Aishi Manula, Erasto Nyoni na Shomari Kapombe. Akabeba ubingwa mara nne mfululizo. Yaani uti wa mgongo wa Azam ukaenda kusimamisha mwili wa mwingine. Bocco, mtu aliyekuwa na Azam tangu inaingia Ligi Kuu, akawa nahodha Msimbazi, na mjomba wa Kiwangwa akaanza kumwita "mwanangu". Baadaye Salum Abubakar, Sure Boy, naye akaibukia Yanga. Mbeya City mwaka 2023 wakashuka kabisa daraja.

Na Azam? Mpaka msimu wa 2024/25 unaisha, hajachukua tena. Ubingwa mmoja, na huo mmoja hakufungwa.

Watu watasema hela hainunui mashabiki. Siyo kweli sana, maana Simba na Yanga nao wanatembelea hela za matajiri. Tofauti ni kwamba Yanga akibeba kombe anasherehekea mtu ambaye babu yake alifia akisubiri kombe kama lile. Simba naye aliwahi kubeba bila kufungwa msimu wa 2009/10, Yanga akafanya hivyo 2021/22, na ile misimu ina watu wa kuisimulia, harusini, msibani, kwenye daladala. Rekodi ya Azam imeandikwa kwenye vitabu vya ligi. Haijaandikwa kwenye midomo ya watu, na kwa soka la Bongo mdomo ndiyo kitabu.

Ila yule dogo yupo. Siku hizi ni mtu mzima, anauza mananasi kando ya barabara, mabasi yakisimama anakimbilia madirishani. Jezi imepauka, nembo imechanika nusu. Akiulizwa na wateja wa Dar kwa nini bado anaivaa, huwa ana jibu moja: "Nyie mlipewa timu na baba zenu. Mimi hii nilichagua, na mwaka niliochagua haikufungwa."

Wadau, wewe tarehe 13 Aprili 2014 ulikuwa wapi, na kuna mtu uliyemsikia anapiga honi? Shusha hapo chini.