Simu ya Upepo katika Pande Zetu

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Wadachi iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa pwani ya Liuli ili itengenezwe. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikapiga mzinga. Yasimuliwa kwamba nahodha Mdachi alipanda mashua akaenda kumkemea nahodha Rhoades, rafiki yake, akidhani amelewa. Kumbe vita ilikuwa imetimiza siku tisa, naye hana habari! Akatekwa pale pale.

Tusimcheke. Wazee wetu wa Ruanda na wa pwani ya Nyasa nao walipata habari kwa miguu ya mjumbe. Barua ya kumwita mganga ilitembea njia ya Lituhi kwa saa nyingi, na masika yakiwa makali mara nyingine ilifika mgonjwa amekwisha zikwa.

Ndiyo sababu simu ya upepo ilipokelewa kwa furaha katika misheni. AMREF, shirika la waganga wa ndege lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, liliunganisha kwa simu hiyo hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki. Milima ya Umatengo haikuizuia, maana mawimbi yake hupanda mbinguni mamia ya kilometa, yakapiga tabaka la hewa lenye umeme, yakarudi chini mbali sana. Lakini tabaka hilo hubadilika: masafa yafaayo adhuhuri huenda yasifae usiku, ndipo huhitajiwa masafa ya chini zaidi. Kwa hiyo chombo chenye njia moja tu ni nusu ya chombo.

Zamani kila njia ilikuwa na kipande chake cha jiwe la kwatzi, kilichokatwa kwa kipimo kitetemeke kwa mwendo mmoja tu. Ukitaka njia nyingine, uliagiza jiwe jingine Ulaya, ukangoja. Vyombo vya baadaye viliondoa taabu hiyo: fundi huandika namba ya masafa kwa vibonye, huchagua upande wa wimbi, wa juu au wa chini, kisha huvihifadhi katika kumbukumbu ya chombo. Akikosea upande, mwenzake husikia mlio kama wa bata wala haelewi neno. Tena masafa si ya kujichagulia. Hutolewa kwa ruhusa ya serikali, na tangu mwaka 2003 kazi hiyo ni ya TCRA.

Sisi tulipobadili chombo chetu cha mawe kwa kile cha kumbukumbu, tulijiona matajiri, tukalitupa karatasi la namba. Hatukujua kwamba kumbukumbu ile ilitunzwa na betri ndogo iliyofichwa ndani. Miaka ikapita, betri ikafa, na asubuhi moja njia zote zikawa zimefutika. Na siku hiyo mama mmoja alikuwa katika uchungu tangu jana yake. Bahati njema, mwalimu mmoja alikuwa amezinakili namba nyuma ya daftari la mahudhurio. Akazisoma moja moja, nasi tukaziandika upya, na kabla ya adhuhuri hospitali ikaitika.

Siku hizi simu za mkononi zimefika, na chombo kile kimenyamaza. Daftari la mwalimu lingali kabatini; mchwa wamekula pembe moja, ila namba zasomeka.