Chuma, malaria na akili ya mtoto wa Kilombero

Wadau, hapa Mkula mpunga upo, lakini wali mtupu haujengi ubongo: mchele una madini ya chuma kidogo mno. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Ifakara kwa watoto wachanga 832. Waliopewa chuma walipata upungufu mkali wa damu kwa uchache, na malaria haikuongezeka. Mwaka 2001, huko Pemba chuma kikaonekana kuwasaidia watoto kujifunza kuongea. Kumbe hadithi haijaisha! Jaribio jingine la Pemba, lililochapishwa 2006, lilisitisha chuma na foliki asidi njiani: waliopewa walilazwa na kufa zaidi. Kwa hiyo wazazi, dagaa na mchicha kila siku, chandarua kila usiku. Vidonge mtoto apimwe kwanza.