Kutoa fedha ugenini kwa gharama nafuu: Hesabu huanzia Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Handeni anayekwenda Mombasa au Nairobi kununua bidhaa za dukani hujua nauli ya basi, bei ya chumba cha kulala wageni na ushuru atakaolipa mpakani. Gharama moja ambayo wengi hawaiandiki katika daftari ni ile ya kuzifikia fedha zao wenyewe wakishavuka mpaka.

Gharama hiyo haionekani katika risiti moja. Sehemu yake hukatwa na benki iliyotoa kadi, sehemu na benki yenye mashine, na sehemu nyingine hujificha katika bei ya kubadilishia fedha. Kwa mwenye mtaji mdogo, makato hayo yakijumlishwa yanaweza kumeza faida ya safari nzima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makato hayo huweza kuepukwa, mradi msafiri afanye hesabu yake kabla ya kuondoka.

Korogwe ni mahali pafaapo kufanyia hesabu hiyo. Mji huo uko katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Kutoka hapo msafiri aweza kupitia Segera na Tanga hadi mpaka wa Horohoro kuelekea Mombasa, au kupita Same na Himo hadi Holili na kuingia Taveta, au kuendelea hadi Arusha na kuvukia Namanga kwenda Nairobi. Anayetoka Handeni huunganishwa na barabara kuu hiyo kwa lami ya kilometa 65 hadi Korogwe, au kilometa 54 hadi Mkata.

Wakati shilingi ilikuwa moja

Tatizo la kubadilisha fedha katika njia hizo si la tangu zamani. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ndiyo iliyotoa shilingi iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Katika miaka hiyo, noti iliyopokewa Korogwe ilipokewa pia Mombasa bila kupita kwa mbadilishaji.

Hali ilibadilika baada ya nchi hizo kuunda benki kuu zake. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huo shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Baadaye fedha za kigeni ziliwekwa chini ya udhibiti mkali, hadi Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliporuhusu maduka ya kubadilishia fedha.

Novemba 30, 2013, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini mjini Kampala itifaki ya umoja wa fedha, kwa matarajio ya kuwa na sarafu moja baada ya miaka kumi. Mwaka 2024 ulipita bila sarafu hiyo. Kwa sababu hiyo, kila avukaye Horohoro bado hana budi kubadilisha fedha kwa njia moja au nyingine.

Makato matatu katika ATM

Njia ya kwanza ni kadi ya benki. Kadi itakayofanya kazi nje ya nchi ni ile yenye nembo ya mtandao wa kimataifa, kama vile Visa au Mastercard. Kadi isiyo na nembo ya namna hiyo huishia katika mashine za ndani ya nchi, hata kama akaunti ina fedha za kutosha.

Mwenye kadi anapotoa fedha ugenini hukabiliwa na makato ya aina tatu. La kwanza ni ada ya benki yake, ambayo mara nyingi ni kiasi kisichobadilika kwa kila muamala. La pili ni ada ya benki yenye mashine, ambayo baadhi ya benki hutoza na nyingine hazitozi. Kwa kawaida mashine huionyesha kabla ya muamala kukamilika, na msafiri ana haki ya kusitisha na kutafuta mashine nyingine. La tatu ni tofauti ya bei ya kubadilishia, kwa kuwa shilingi ya Kenya iliyotolewa huweza kuhesabiwa kwanza kwa dola ya Marekani, kisha dola hiyo ikahesabiwa kwa shilingi ya Tanzania.

Kwa kuwa ada ya kwanza haipungui hata kama kiasi ni kidogo, anayetoa kidogo kidogo huumia zaidi. Tuseme benki inatoza Sh10,000 kwa kila muamala na tofauti ya bei ni asilimia tatu. Mtu akitoa Sh100,000 mara tano, atalipa ada ya Sh50,000 na kupoteza Sh15,000 katika bei, jumla Sh65,000. Akitoa Sh500,000 kwa mara moja, atalipa ada ya Sh10,000 na kupoteza Sh15,000 zilezile, jumla Sh25,000. Tofauti ya Sh40,000 ni fedha ambazo zingeweza kulipa sehemu ya nauli ya kurudi.

Viwango halisi hutofautiana kati ya benki na benki. Jambo la msingi ni msafiri kufika katika tawi lake, Handeni au Korogwe, na kuuliza maswali manne: kadi inafanya kazi katika nchi anayokwenda, ada ya kutoa fedha nje ni kiasi gani, kuangalia salio nje kunatozwa kiasi gani, na kikomo cha kutoa kwa siku ni kipi. Swali la tatu husahauliwa na wengi, ingawa kuangalia salio mara kwa mara katika mashine za ugenini ni njia mojawapo ya kupoteza fedha bila kutoa hata senti.

Wenye kadi za mkopo nao wanapaswa kujihadhari. Mara nyingi fedha taslimu inayotolewa kwa kadi ya mkopo huanza kutozwa riba tangu siku ilipotolewa. Kadi hiyo yafaa zaidi kulipia hoteli au bidhaa kuliko kutolea fedha.

Swali la mashine ambalo jibu lake ni hapana

Katika ATM nyingi za nje, mashine ikigundua kuwa kadi ni ya Tanzania huuliza kama mteja angependa kuhesabiwa kwa shilingi ya Tanzania. Swali hilo huonekana kama hisani, kwa sababu msafiri huona mara moja kiasi kitakachokatwa katika akaunti yake.

Ukweli ni kwamba akikubali, bei ya kubadilishia hupangwa na upande wa mwenye mashine, ambaye huongeza faida yake ndani yake. Mara nyingi bei hiyo huwa mbaya kuliko ile ya mtandao wa kadi. Anayetaka gharama nafuu huchagua kuhesabiwa kwa fedha ya nchi aliyopo: shilingi ya Kenya akiwa Kenya, riyali akiwa Saudi Arabia.

Wasafiri wengine hukubali kwa hofu kuwa wakikataa mashine itawanyima fedha. Hofu hiyo haina msingi. Kukataa kubadilishiwa na mashine hakufuti muamala. Fedha hutoka kama kawaida, na hesabu hufanywa na mtandao wa kadi pamoja na benki ya mteja. Swali hilohilo huulizwa pia madukani na hotelini wakati wa kulipa kwa kadi, na jibu lake ni lilelile.

Simu ya mkononi na makato yake

Kwa safari za Kenya, simu imekuwa mshindani mkubwa wa ATM. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2015 huduma hizo mbili ziliunganishwa, na mteja wa Tanzania akaweza kutuma fedha moja kwa moja kwa mteja wa Kenya. Mwaka mmoja kabla, Tigo ya Tanzania, ambayo sasa inaitwa Yas, ilikuwa imeanzisha utaratibu kama huo na Rwanda.

Faida yake ni kwamba mfanyabiashara hahitaji kubeba mtaji wote mfukoni. Aweza kuacha fedha nyumbani na kumlipa muuzaji wa Mombasa baada ya kuuona mzigo. Muuzaji akipokea katika simu yake, hakuna noti ya kuhesabiwa, kuibiwa au kukutwa ni bandia.

Hata hivyo, hapa pia kuna makato ya aina tatu: ada ya kutuma, tofauti ya bei ya kubadilishia, na ada ya kutoa kwa wakala iwapo mpokeaji anataka fedha taslimu. Mtumaji anashauriwa kulinganisha kiasi atakachokatwa na kiasi kitakachofika, badala ya kutazama ada peke yake. Ada ndogo yenye bei mbaya ya kubadilishia inaweza kuwa ghali kuliko ada kubwa yenye bei nzuri.

Msafiri anayetaka kutoa mwenyewe fedha hizo Kenya atahitaji laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa jina lake. Wanaotumia laini ya mwenyeji hawana budi kukumbuka kuwa fedha ikishaingia katika laini ya mtu mwingine, iko mikononi mwake.

Kwa malipo makubwa ya kibiashara ipo njia ya benki kwa benki. Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki huunganisha mifumo ya benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na huruhusu malipo kwa fedha za nchi hizo. Mwenye mzigo mkubwa aweza kuuliza benki yake kuhusu mfumo huo kabla ya kufikiria kubeba mabunda ya noti.

Fedha taslimu haijapitwa na wakati

Pamoja na hayo, kiasi kidogo cha fedha taslimu bado kinahitajika kwa nauli, chakula na dharura. Jambo la kutazama katika duka la kubadilishia ni pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Tuseme duka linauza shilingi ya Kenya kwa Sh20 na kuinunua kwa Sh18. Mwenye Sh1,000,000 atapata shilingi 50,000 za Kenya. Akirudi na 10,000 ambazo hakuzitumia, atapewa Sh180,000, ingawa alizinunua kwa Sh200,000. Amepoteza Sh20,000 kwa kubadilisha fedha ambayo hakuihitaji. Ndiyo maana inafaa kubadilisha kiasi kinachotosha tu.

Wabadilishaji wa mikononi katika mipaka huvutia kwa maneno yao ya haraka na bei zinazoonekana nzuri. Hawatoi risiti, na anayepewa noti bandia au pungufu hana pa kulalamikia. Hali kadhalika, anayevuka na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi anatakiwa na sheria kuzitamka kwa maofisa wa forodha.

Kuhifadhi fedha za nchi nyingine kwa muda mrefu nako kuna hatari yake. Kenya ilitoa noti mpya mwaka 2019, na noti za zamani za shilingi 1,000 zikakoma kuwa fedha halali baada ya Septemba 30 mwaka huo. Aliyekuwa amezificha sandukuni kwa ajili ya safari ijayo alibaki na karatasi. Tanzania nayo ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 wa kurejesha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003.

Waendao Hija na Ghuba

Kwa mahujaji na wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, hesabu ina nafuu moja. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986, na riyali ya Oman ni takriban dola 2.60. Mwenye dola kwa hiyo anajua mapema apate riyali ngapi, na akipewa pungufu sana atatambua kuwa ni faida ya mbadilishaji, wala si kuporomoka kwa soko.

Noti za dola zilizochanika, kuchorwa au za matoleo ya zamani huweza kukataliwa au kununuliwa kwa bei ya chini, hivyo zikaguliwe dirishani kabla ya kupokewa. Anayerudi na dola naye akumbuke kuwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani kufanywa kwa fedha za kigeni. Atalazimika kuzibadilisha benki au katika duka lenye leseni kabla ya kufanya manunuzi.

Kabla ya kupanda basi

Maandalizi yenyewe hayahitaji zaidi ya asubuhi moja. Msafiri aiarifu benki yake nchi anayokwenda na tarehe za safari, ili kadi isifungwe kwa kudhaniwa imeibwa. Ahakikishe kadi haitakwisha muda akiwa njiani, na aandike namba ya simu ya benki mahali tofauti na mkoba wenye kadi. Namba ya siri ibaki kichwani.

Asitegemee njia moja. Kadi kwa kiasi kikubwa, simu kwa kumlipa muuzaji, na noti chache za siku ya kwanza na ya mwisho ni mpango unaomtosha mfanyabiashara wa kawaida. ATM iliyo ndani ya benki wakati wa saa za kazi ni bora kuliko iliyo barabarani usiku, kwa kuwa kadi ikimezwa yupo mtu wa kuulizwa.

Mwisho, shilingi za Kenya zilizobaki zitumike kulipia chakula au nauli kabla ya kufika mpakani. Upande wa pili wa Horohoro, kila moja itanunuliwa kwa bei ya chini kuliko ile aliyoinunulia.